Rupia Chini ya Choo

Niliamini kwamba rupia, ile sarafu ya zamani ya Mjerumani, ikikaa ardhini inavuta mchele. Sikuamini kidogo, kama mtu anavyoamini utabiri wa hali ya hewa. Niliamini kiasi kwamba kunitoa kwenye imani hiyo kungehitaji winchi na trekta mbili. Baba yangu mdogo ndiye aliyenipa habari hizo wakati sijaota hata ndevu: kwamba Wajerumani walipokuwa wanakimbia Songea walizika mali zao chini ya mawe bapa, na rupia hizo, kwa kukaa chini muda wote huo, zimepata nguvu. Ukiweka sahani ya mchele juu ya mahali zilipo, punje zinaanza kutambaa moja moja, kama siafu wanaohama. Alimfahamu mtu wa Madaba aliyeona kwa macho yake. Kila aliyenisimulia habari hii alimfahamu mtu wa Madaba aliyeona kwa macho yake. Nikipiga hesabu zangu, siku hiyo Madaba nzima iliacha mashamba ikasimama kuzunguka sahani moja.

Elimu haikunitibu. Sekondari niliisoma nikiwa mtu mzima, jioni, baada ya kutwa nzima ya kuendesha mashine ya kusaga kule Ruhuwiko. Nilikuwa naingia darasani mweupe kuanzia kope mpaka viatu, na nikipiga chafya, aliyekaa dawati la mbele angeweza kusonga ugali. Siku mwalimu wa fizikia alipofundisha sumaku, nilinyoosha mkono nikauliza kuhusu rupia. Hakuna aliyecheka. Nusu ya darasa waliweka kalamu chini wasikie jibu. Mwalimu akatazama saa yake, akasema tuendelee na sumaku zilizomo kwenye mtihani. Mimi nikachukulia kwamba amekubali.

Nikafaulu, wapende wasipende, nikaingia chuo kusomea maendeleo ya jamii. Jioni vilevile. Watu wanadhani mwanachuo wa jioni ni nusu ya mwanachuo, kama vile tunapewa nusu ya mtihani na nusu ya chaki. Nawaambia wazi: mwanachuo wa asubuhi anakuja darasani ameamka. Wa jioni anakuja ameshachoka, na anasoma ngazi ileile. Sasa nani nusu?

Chuoni kwetu kila mwanafunzi lazima afanye huduma kwa jamii kabla ya kumaliza. Wa asubuhi walikuwa na utaratibu wao. Jumamosi moja wanavaa fulana mpya zenye nembo, wanakwenda stendi ya mabasi na mifagio ambayo haijawahi kuona vumbi, wanafagia mpaka picha zitoshe. Baada ya hapo stendi inarudi kuwa stendi. Basi jioni moja mshauri wa wanafunzi, mtu mpole mwenye mashati yaliyonyooshwa kwa ukali, akaja darasani kwetu kutuondolea usumbufu.

"Nyinyi wa jioni najua mna kazi zenu," akasema. "Msihangaike. Jumamosi mje stendi mara moja, mvae fulana, mpige picha na wenzenu. Tutahesabu mmeshiriki."

Kiongozi wa darasa letu alikuwa mama mmoja muuza chipsi, mwembamba, sauti kama ya filimbi ya mwamuzi. Akasimama. "Kufagia atafagia nani, mwalimu?"

"Wa asubuhi."

"Na sisi?"

"Nyinyi mtasimama pale nyuma."

"Mwalimu, mimi nyuma ya picha nimesimama tangu nazaliwa," akasema. "Mara hii hapana. Huduma yetu tutaitafuta wenyewe na tutaifanya wenyewe."

Mshauri akasema huduma isiyo na bango la chuo wala mwakilishi wa chuo haitambuliki, na asiyetambulika hamalizi.

"Basi tusimalize," akajibu yule mama, akaketi. Sisi wengine tulitazamana kidogo, maana mtu aliyesoma miaka mingi juu ya kiti cha mbao asingependa kusikia neno hilo likitamkwa kwa wepesi namna ile. Lakini hakuna aliyempinga. Mimi nilipiga meza kuunga mkono, na unga ukaruka hata mshauri akafunga mlango kwa nje.

Huduma hatukuitafuta mbali. Jirani na mashine niliyokuwa naiendesha alikaa mama mmoja Mnyasa aliyeuza dagaa sokoni maisha yake yote. Ukisikia mtu wa Songea amekula dagaa wa ziwani wakati ule, jua wamepitia mkononi mwake. Kisukari kikamchukua mguu mmoja chini ya goti. Masika yaliyopita yakamchukulia na choo, kuta zilibomoka na shimo likajifukia. Tangu hapo alikuwa anakwenda choo cha jirani, na kufika kwa jirani ni kushuka mteremko, kuvuka mfereji kwa ubao, kupanda tena, yote hayo kwa magongo mawili. Kiangazi aliweza. Mvua zikianza, ule udongo mwekundu wa kwetu unakuwa sabuni, na alishaanguka mbele ya watu.

Sasa kuna jambo nililigundua mwenyewe. Kila nilipompelekea unga wake alinikaribisha chai, lakini kikombe chake kilikuwa kinapoa palepale. Nikamuuliza mbona hanywi. Akasema, "Nikinywa nitashuka mteremko." Tangu asubuhi alikuwa hanywi kitu, mtu wa kisukari, kwenye jua la Oktoba, ili asilazimike kwenda. Nilipolisimulia darasani, hakuna aliyeuliza tena huduma yetu itakuwa nini. Mvua zilikuwa zinakaribia. Tulitaka mama yule awe na choo chake, uani kwake, kabla tone la kwanza halijaanguka.

Tukaenda kumweleza. Alituangalia mmoja mmoja, tulikuwa kama kumi, kisha akaguna.

"Wanachuo. Mnachimba kwa jembe au kwa kalamu?"

"Vyote tunavyo, mama," nikasema.

"Wewe nakujua, wewe una unga tu. Huyu mwembamba ndiye kiongozi wenu?"

"Ndiye."

"Huyu nitampa magongo yangu, atayahitaji kuliko mimi."

Kiongozi wetu akacheka, akasema, "Shikamoo mama. Tuonyeshe unapotaka kiwe."

Akatuonyesha kwa gongo, nyuma ya jiko, hatua chache tu kutoka mlangoni.

Tatizo letu lilikuwa muda. Mchana tuko kazini, jioni tuko darasani, na Jumapili ni ya ibada na ya kufua. Kilichobaki ni alfajiri. Tukawa tunakutana uani kwa mama kabla ya kuku kushuka kwenye banda, na sululu, machepe, ndoo na kamba, tunachimba mpaka jua linapotoka, kisha kila mtu anakimbilia kazi yake. Tuliona ni utaratibu mzuri. Hatukufikiri unavyoonekana kwa mtu anayechungulia dirishani: kundi la watu wasiojulikana, gizagiza, wanachimba kimyakimya uani kwa mama wa mguu mmoja, na mwingine mweupe kama mzimu. Nchi hii yote, watu wakichimba gizani, kila mtu anajua wanatafuta nini.

Wiki haikuisha, mwenyekiti wa mtaa akaja. Alikuja na kofia yake ya heshima, na nyuma yake watu wa kutosha kuanzisha kijiji kipya.

"Habari za hapa. Mnachimba nini?"

"Choo, mwenyekiti."

"Choo. Alfajiri."

"Ndio muda tulio nao."

"Mimi nimechimba vyoo," akasema mwenyekiti kwa upole wa kutisha. "Sijawahi kukikimbilia alfajiri. Choo hakitoroki."

Watu wakacheka. Kiongozi wetu akamwambia kama ana shaka ashuke mwenyewe. Na labda yangeishia hapo, kama mimi, niliyekuwa shimoni asubuhi ile, nisingepiga sululu na sululu ikalia ngaa.

Jogoo wa jirani alikata wimbo katikati. Nikapangusa kwa mkono. Lilikuwa jiwe, bapa, pana kama meza ya kulia, limelala sawa kabisa kama lililowekwa na fundi mwenye pima maji. Na juu yake mstari umekatana na mstari. Mwingine angesema ni ufa. Mimi niliona msalaba, na moyo wangu ulipiga kiasi kwamba nadhani walisikia mpaka Namtumbo.

"Mfuniko," nikasema. Sikukusudia kulisema kwa sauti.

Basi. Neno likatoka pale uani likakimbia kuliko pikipiki. Nilipofika mashineni wateja walikuwa wameshasikia. Mchana sokoni walikuwa wanasema tumepata sanduku. Jioni chuoni yalishakuwa masanduku matatu na fuvu la Mjerumani lenye meno ya dhahabu. Wa asubuhi, ambao walikuwa hawatujui hata kwa salamu, walitusubiri getini watusalimie.

Kesho yake mwenyekiti akasimamisha kazi. Shimo lisiguswe, akasema, mpaka waje wahusika wa mambo ya kale. Waje lini, hakujua. Watoke wapi, hakujua. Akaweka mgambo akae hapo na kirungu, analinda shimo lisiibiwe.

Siku hiyohiyo akaja mtaalamu ambaye hakuna aliyemwita, amevaa koti katika joto lile, ana sahani na mchele kwenye mfuko. Nilikuwepo. Nilimwomba mwenye mashine ruhusa nikasema nina msiba, na kwa namna fulani nilikuwa na msisimko wa msiba. Mtaalamu akashuka, akaweka sahani juu ya jiwe, akatandaza mchele, akapanda juu akatuambia tusipumue. Nawaapia, wasomaji wangu, punje zilisogea. Zilisogea upande wa mashariki, taratibu. Mtu mmoja alipiga magoti.

"Upepo huo," akasema kiongozi wetu.

"Upepo unasogeza majani," nikamwambia, "hausogezi chakula."

Wakati tunabishana, kuku wa mama akarukia shimoni, akala sahani nzima. Mtaalamu akatangaza kwamba kuku yule ametumwa na mlinzi wa mali, na kwamba yeye kwa hali hiyo hawezi kuendelea bila kondoo mweusi. Mama wa dagaa alikuwa ameketi mlangoni na magongo yake mapajani, anatazama. Akasema kuku ni wake, hajatumwa na mtu, na kondoo hana.

Siku zikapita. Mgambo akalinda. Mawingu yakaanza kukaa upande wa milima ya Matogoro kila alasiri, meusi, yanapumua. Shimo lililoachwa wazi nusu, mvua ikilikuta, linabomoka lote, unaanza upya kiangazi kingine. Na mama alikuwa hanywi. Midomo yake ilikuwa imepasuka kama udongo wa bwawa lililokauka, na nilipomletea unga hakuniuliza habari ya jiwe. Aliniuliza, "Baba, wenzako wamechoka?"

Nilimfikishia kiongozi wetu swali hilo kama lilivyo, akiwa anageuza chipsi kwenye karai. Alizima jiko, akafunga meza katikati ya mchana, wateja wamesimama. Akaniambia, "Kusanya watu. Jumamosi, mchana kweupe."

Jumamosi nilidhani tutakuwa sisi kumi. Uani kwa mama hapakuwa na pa kuweka kisigino. Habari ilikuwa imevuja kwamba wa jioni wanafungua mfuniko, na watu walitoka Hanga, sijui walilala njiani. Mwenyekiti alikuwepo, na kofia. Na nani mwingine akashuka kwenye gari la chuo, shati limenyooka? Mshauri wa wanafunzi. Kuja kuona choo alikuwa hana nafasi. Kuja kuona dhahabu, alipata na dereva.

Mwenyekiti akainua mkono. "Nilisema shimo lisiguswe."

Kiongozi wetu akapanda juu ya kifusi ili aonekane. "Umesema. Na mimi nasema linaguswa leo. Sisi tunachimba choo. Kama kuna dhahabu, kitakuwa choo cha dhahabu. Mkitaka kutufunga tufungeni, lakini mtamweleza huyu mama atajisaidia wapi mvua zikinyesha, na mtamweleza akiwa hapa, anawatazama."

Mwenyekiti akamtazama mama. Mama akamtazama mwenyekiti. Yule bwana alikuwa amekula dagaa wake tangu utoto.

"Wasiwasi wangu ni kwamba mkipata kitu mtaondoka nacho wenyewe," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka.

"Sawa, tukubaliane mbele ya watu," akasema kiongozi wetu. "Hakuna atakayekuwa mtazamaji. Anayetaka kuona chini ya jiwe anashika chepe au anashika kamba. Kikipatikana kitu, ni cha mwenye kiwanja, na serikali itasema neno lake. Kisipopatikana, shimo ni choo, na kila aliyeshika kamba anabaki kujenga. Asiyekubali aende nyumbani, hataona."

Hakuna aliyekwenda nyumbani. Mgambo aliweka kirungu chini akaomba sululu. Nilikuwa wa kwanza kushuka, na msije mkadhani ilikuwa kwa ajili ya jamii. Tukalipindua jiwe kwa mtaimbo, kwa kamba, kwa mabega, na mshauri wa wanafunzi akiwa kwenye kamba, tai yake imetupwa begani kama taulo. Jiwe likainuka. Watu wote wakainama kwa pamoja, nikahofia uwanja utapinduka.

Chini yake palikuwa na udongo. Na nyungunyungu mmoja mnene, aliyetutazama kama vile sisi ndio tuliofukuliwa.

Palepale kuna sauti ikasema, na sikatai kwamba yawezekana ilikuwa yangu, "Mjerumani hakuwa mjinga. Hili jiwe ni la kupoteza maboya. Mali iko chini zaidi."

Kiongozi wetu hakuthibitisha na hakukanusha. Alisema tu, "Nani anataka chepe?"

Sijawahi kuona watu wakichimba namna ile, na nimeona watu wakichimba. Walipokezana bila kuambiwa. Wanaume wa mtaani, akina mama waliofunga khanga kiunoni, wa asubuhi waliokuja na simu zao, mwenyekiti mwenyewe akivuta ndoo na kofia ameivaa kisogoni. Shimo lilishuka mpaka sauti ya aliye chini ikawa inatufikia imechelewa. Wangeachwa wachimbe wangetokea Msumbiji. Alasiri kiongozi wetu akalipima kwa kamba, akasema, "Inatosha. Hiki sasa ni choo."

Watu wakanuna. Mmoja akasema wamedanganywa.

"Umedanganywa na nani?" akamuuliza. "Siku ya kwanza tulikwambia tunachimba choo."

Wachache walijipenyeza wakaondoka, na nyuso zao ninazo kichwani hadi leo. Lakini mwenyekiti alikuwa ametoa neno mbele ya watu, hakuwa na pa kupita. Jirani mmoja alitoa matofali yaliyokuwa yamebaki kwenye nyumba yake, mwingine mlango wa bati. Jumapili baada ya ibada walirudi wengi kuliko nilivyotarajia, na tulijengea, tukamwaga bamba la zege, tukaweka kiti cha kukalia na nguzo mbili za kushikilia, kimo chake mama mwenyewe alikuja kupima kwa mkono. Mvua ya kwanza ilinyesha tukiwa tumeshaezeka.

Mshauri wa wanafunzi alirudi na gari na fulana kwenye mfuko, akitaka tusimame mbele ya choo, bango liwe juu. Kiongozi wetu akamwambia picha apige, choo hakikatazi, ila sisi tumechelewa kazini. Akapiga picha ya choo peke yake. Baadaye tulihesabiwa tumeshiriki, maana angekataa vipi kazi iliyomtoa malengelenge mikononi? Fulana sikupata na siitaki. Anayesema wa jioni hawakufanya huduma, aende Ruhuwiko akaulize, ila abishe hodi kwanza.

Mimi lakini nilikuwa sijatulia. Nilimaliza chuo, nikavaa joho, na bado usiku nikilala naona lile shimo na kufikiri: futi mbili zaidi. Futi mbili tu. Hata punje za mchele nilizikumbuka zilivyokwenda mashariki. Siku moja nimepeleka unga, mama anakunywa chai yake kikombe kikubwa, cha pili, nikashindwa kujizuia.

"Mama," nikasema, "unadhani tuliacha mapema? Tungeongeza kidogo tu..."

Akaweka kikombe chini. Hakunicheka, na hiyo ndiyo ilinifanya nisikilize.

"Baba, hakuna rupia," akasema. "Mchele ulisogezwa na upepo, na lile ni jiwe tu, huku kote yapo. Mjerumani hakuzika mali hapa. Alichukua vitu vya watu, akaondoka navyo."